Ganzi ya Daktari Noah

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba daktari alikuwa anafumba macho.

Si mgonjwa. Daktari. Kila alipoweka ile rola yenye sindano kwenye shavu la mtu, yeye mwenyewe alikunja uso, akafumba macho na kugeuzia kichwa dirishani, kama mtu anayepita karibu na mzoga. Mteja alikuwa ametulia kama gunia la majani chai. Daktari ndiye aliyetoka jasho. Nilifikiri labda hivyo ndivyo wanavyofundishwa huko chuoni. Mimi mambo ya chuo siyajui, na kama kawaida yangu, sikuuliza.

Jina lake lilikuwa Noah. Udaktari alijipa mwenyewe, jambo lililomwokolea muda mwingi.

Kabla ya kujipa udaktari, alipiga deki katika kliniki moja ya urembo huko Nairobi, kliniki ya watu wanaolipa bei ya trekta ili mikunjo ya uso ihamie kwingine. Akiwa na mopu yake aliona mambo. Aliona kwamba kazi yenyewe, ile ya kupitisha sindano ndogo ndogo usoni ili ngozi ijijenge upya, ni ya dakika chache tu. Shughuli kubwa ilikuwa kuzuia uchungu. Mteja alipakwa krimu ya ganzi nene kama siagi, akafunikwa nailoni, akaachwa karibu saa nzima ili iingie. Akapewa barafu. Akapewa mpira mdogo wa kufinya. Nesi mmoja aliketi kando yake, kazi yake kumpigia stori tu ili asahau kwamba ana uso. Na kila baada ya muda aliulizwa kwa sauti ya upole, "Kutoka sifuri hadi kumi, unasikia uchungu kiasi gani?" Akisema nne, kila kitu kinasimama mpaka apakwe tena.

Noah aliegemea mopu akaona wazi kwamba uchungu ndio unaokula faida.

"Siku nitakayopata watu wasioumia," alijiambia, "nitajenga ghorofa."

Walipomfukuza kliniki, kwa sababu ambazo hakuzieleza vizuri kwa mtu yeyote, alikwenda Mulot kuuza dawa ya kunenepesha fahali. Fahali walikonda. Noah akaona ni vyema abadilishe hewa, na barabara iliyokuwa karibu ilimleta kwetu Kimulot, siku ya kupima majani chai.

Siku hiyo mlango wa lori ulifunga vidole vya Mzee Kipkosgei. Vidole viwili. Karani wa mizani alipiga kelele mpaka ndege wakaruka. Mzee Kipkosgei aliviangalia vidole vyake kama mtu anayeangalia wageni waliokuja bila kutoa habari, akavichomoa, kisha akamgeukia karani.

"Na kilo zangu umeandika ngapi?"

Noah alikuwa ameketi juu ya jiwe akila mahindi ya kuchoma. Mahindi yalimkwama kooni.

"Mzee, haiumi?"

"Nini?"

"Vidole."

"Vidole gani?" akasema Mzee Kipkosgei, akaviweka mfukoni.

Kwetu mtu hulelewa hivyo. Mtoto akichomwa na mwiba, anaangaliwa uso kwanza, mguu baadaye. Ukipepesa macho mbele ya watu, wajukuu wako wataitwa wajukuu wa yule aliyepepesa. Noah aliijua sheria hii vizuri, maana yeye ni mtu wa Bomet, amezaliwa ndani yake, na hakuiweza hata siku moja. Ujanani alipelekwa hospitali akadungwa ganzi, wakati wenzake walikwenda jandoni. Hiyo ndiyo sababu alihamia Nairobi mapema sana.

Sasa alikaa juu ya lile jiwe akawaza, na wazo lilipofika lilimfanya atabasamu na gunzi mkononi. Watu wasioumia hawako duniani. Lakini watu wasiosema wako hapa, wamejaa, na bonasi ya majani chai imeingia juzi.

Alikodi chumba kati ya kinu cha posho na kibanda cha ndizi cha Mama Yunia. Akapata koti jeupe. Akabandika ukutani picha ya mwanamke asiye na hata tundu moja la ngozi. Kisha akaenda kwa agroveti, duka la dawa za mifugo, akanunua mkebe mkubwa wa mafuta ya kukamulia, yale yenye picha ya ng'ombe, akatia dawa kidogo ya kifua ili yatoe ubaridi, akayagawa katika vikopo vidogo vyenye vifuniko vya dhahabu. Akaviita Ganzi ya Paris. Kulikuwa na Ganzi ya Kawaida, Ganzi ya VIP na, juu kabisa, Ganzi ya Askofu. Zote tatu zilitoka kwenye mkebe mmoja kama ndugu wa tumbo moja, lakini bei zao hazikuwa za familia.

Mtu anaweza kushangaa. Watu ambao kila alfajiri wanachota mafuta hayo na kupaka chuchu za ng'ombe, hawakuyajua? Mimi naweza kueleza. Kikopo kilipofunguliwa kilinukia nyumbani. Kilinukia zizi, maziwa ya moto na asubuhi. Ndiyo sababu tuliyaamini. Dawa ya kigeni inayonukia kama kwenu, utaikataaje?

Mama Yunia alikuwa wa kwanza, kwa sababu alikuwa karibu. Watu wake walitoka Kisii zamani wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya chai, na yeye hakubali kwamba kuna jambo lolote sisi Wakipsigis tunaliweza kumshinda.

"Hiyo kitu inauma?" aliuliza.

"Mama, na Ganzi ya VIP? Utasinzia."

"Na ya Kawaida?"

"Ya Kawaida..." Noah akakohoa kwa huruma. "Ya Kawaida ni ya watu wa kawaida."

Mama Yunia akachukua ya VIP. Alipakwa, na kabla hata hajakaa sawa, rola ikaanza. Noah akafumba macho.

"Kutoka sifuri hadi kumi, mama?"

Mama Yunia alikuwa ameshika kiti mpaka kikalia. Aliangalia mlangoni. Mlangoni alikuwa amesimama shangazi yangu Rebeccah, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, amekunja mikono.

"Sifuri," akasema Mama Yunia.

Basi. Neno hilo lilijenga biashara kuliko tangazo la redio. Shangazi Rebeccah hangekubali mwanamke wa ndizi amshinde. Alilipia Ganzi ya Askofu, akalala, akatazama dari kama mtu anayehesabu mabati, na akasema sifuri kabla hata hajaulizwa. Mzee Kipkosgei akaja na vidole vyake vyenye bandeji, kwa ajili ya mikunjo ya paji la uso.

"Kutoka sifuri hadi kumi, mzee?"

"Kuna kitu chini ya sifuri?"

"Iko, mzee."

"Basi andika hiyo."

Pasta Johana naye alikuja, kwa sababu kanisa jipya lilikuwa linafunguliwa mwezi ule na picha zingepigwa. Alisema alisikia tu amani.

Mimi nilipelekwa na shangazi kwa sababu ya makovu ya chunusi. "Huyu msichana hasemi," alimwambia daktari. "Angalau uso uongee." Nikalala. Noah akanipaka, akafumba macho, akaanza. Akaniuliza lile swali lake. Shangazi alikuwa upande huu, Mama Yunia alikuwa mlangoni na ndizi mkononi. Nikajibu kama watu: sifuri. Jicho langu moja lilitoa maji, lakini hilo jicho lina tabia hiyo wakati wa baridi.

Kesho yake Kimulot nzima ilikuwa nyekundu. Tuliketi kanisani kama nyanya kwenye kreti. Noah alitueleza kwamba ngozi ya zamani ilikuwa inaaga, na katika kuaga ni lazima ilie kidogo. Tukakubali. Ngozi iliruhusiwa kulia. Sisi hatukuruhusiwa.

Mjanja mwenye akili angeondoka hapo. Lakini mjanja mwenye akili ni kama kuku mwenye meno, husimuliwa tu. Noah alimwona ng'ombe wetu.

Tulimwita Bonasi, kwa sababu shangazi alimnunua kwa bonasi ya mwaka ule mvua ilipokuwa nzuri. Alikuwa na mimba ya pili na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa unga, sabuni na dawa ya nyumba yetu tangu mjomba afe. Mimi ndiye niliyemkamua. Ng'ombe huyo alikuwa mpole kiasi kwamba ukimkanyaga, yeye ndiye anayeomba msamaha.

Noah alimwegemea kwenye ua, akamkuna shingo, akasema, "Mama Rebeccah, wewe si mtu wa kukamua. Wewe ni mtu wa kliniki."

"Kliniki ya nani?"

"Yako. Nakupa uwakala. Kutoka hapa mpaka Mulot, mtu akitaka Ganzi ya Paris, ni lazima apitie kwako. Utavaa koti. Utakuwa unauliza watu sifuri hadi kumi."

Nilimwona shangazi akijiona ndani ya lile koti. Alikuwa mzuri sana humo.

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi sitaki pesa," akasema Noah kwa uchungu, kama mtu ambaye pesa zimemchosha. "Huyu ng'ombe tu. Kama ukumbusho."

Shangazi aliahidi. Noah akampigia simu dalali wa ng'ombe wa Mulot aje na pikapu Jumamosi. Hapo ndipo usingizi uliniondoka.

Alfajiri iliyofuata niliumwa mkono, kwa hiyo shangazi alikamua mwenyewe. Alichota mafuta kwenye mkebe wetu, akapaka, kisha akasimama na vidole hewani. Akavinusa. Akanusa tena. Akagusa shavu lake. Nilikuwa nimeshika taa, na niliona uso wa mtu aliyelipa bei ya Askofu kwa kitu anachompa ng'ombe bure.

Hakusema neno. Angesema nini? Kusema dawa ni bandia ni kusema ulisikia kitu, na yeye alishasema sifuri mbele ya Mama Yunia. Noah alikuwa ametufunga mdomo kwa kamba yetu wenyewe. Lakini shangazi si mwenyekiti bure. Asubuhi hiyo alimfuata daktari kinuni, watu wakiwa wengi.

"Daktari, Jumamosi tutafanya sherehe kidogo. Unajua desturi. Mwenye kumimina mursik huonja kwanza mbele ya mgeni, ndiyo mgeni ajue hakuna kitu ndani."

"Kweli kabisa, mama."

"Basi na wewe utaonja. Utapakwa ganzi yako, Mama Yunia atakupitishia rola mbele ya watu, halafu ng'ombe ni wako."

Noah aligeuka rangi ya unga uliokuwa ukitoka kinuni. Mgeni wa mbali angekataa. Lakini yeye alikuwa mtoto wa Bomet. Kwetu, mwenye kibuyu cha maziwa hayo akikataa kuonja, hakuna atakayeuliza kuna nini ndani ya kibuyu. Watauliza tu wamzike wapi.

"Hakuna shida," akasema. Sauti yake ilitoka nyembamba kama ya mbu.

Alikwenda Kericho, duka la dawa la kweli, akanunua tyubu ya ganzi ya kweli kwa pesa za kweli. Ilikuwa mara ya kwanza katika biashara yake kununua kitu kinachofanya kazi, na yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipoumia zaidi. Mambo ya kliniki aliyakumbuka vizuri: paka nene, funika nailoni, ngoja ipate kuingia. Ikishaingia, una saa moja na kitu, si zaidi. Sherehe ilikuwa ya saa nane. Alipiga hesabu yake vizuri sana, akasahau kitu kimoja tu. Alikuwa Nairobi muda mrefu akasahau sherehe za kwetu zinaanzaje.

Jumamosi alifika saa nane kamili, shali imefungwa mpaka puani. Alisema ana mafua. Alipoivua uso wote uling'aa, umelala, kama wa mtu aliyesamehe kila mtu. Uani palikuwa na hema, viti, sufuria za chai, kikundi chote cha akina mama, na kando kidogo dalali wa Mulot na pikapu yake. Bonasi alikuwa amefungwa kwenye nguzo, akitafuna, akiwaangalia watu wote kwa heshima.

"Tuanze moja kwa moja!" akasema Noah. Midomo yake ilikuwa mizito kidogo. "Tujikague... tujipange, wamama!"

"Chai kwanza," akasema shangazi. "Mgeni hafanyi kazi na tumbo tupu."

Mimi ndiye niliyempa chai. Alikunywa. Chai iliingia mdomoni, ikazunguka, ikatoka upande wa kushoto, ikashuka kidevuni mpaka kwenye koti jeupe. Noah hakujua. Aliendelea kutabasamu. Kisha nzi alitua kwenye shavu lake, nzi mkubwa wa zizini. Akatembea. Akafika kwenye pua, akageuka, akarudi njia ile ile taratibu, kama karani wa ardhi anayepima shamba. Noah hata hakupepesa.

Niliangalia nzi yule, nikaangalia chai. Mtu yuleyule ambaye hufumba macho akichoma wenzake! Sikuweza kusema, lakini nilivuta leso ya shangazi, na yeye akafuata macho yangu. Alimtazama nzi mpaka aliporuka. Kisha akafuta mikono, akasimama, akapiga makofi.

"Ndugu zangu, chamgei! Hatuwezi kuanza jambo kubwa bila Mungu. Pasta Johana, tuombee. Kwa kirefu."

Noah akashtuka. "Kwa kifupi, pasta, tafadhali..."

"Sitachukua muda wenu," akasema Pasta Johana, na kila mtu Kimulot anajua maneno hayo yana maana gani. Aliombea mvua. Aliombea chai, kila aina. Aliombea viongozi kuanzia juu, akashuka ngazi moja moja mpaka kwa mzee wa kijiji. Alipofika kwa daktari aliomba mikono yake ibarikiwe, na daktari, ambaye alikuwa amefumba macho kama kawaida yake, alifungua moja kuangalia simu.

Baada ya maombi, shangazi akataka watu wajitambulishe. Kila mmoja alisimama, akataja jina, ukoo, alikoolewa, watoto na mahali walipo. Mama Yunia alianzia Kisii kwa babu yake na hakuharakisha safari. Kisha kikundi kikaimba, beti zote, na ule wa mwisho mara mbili kwa sababu ulikuwa mtamu. Mzee Kipkosgei akaombwa aseme machache kuhusu vidole vyake.

"Wamama, saa inakimbia," akasema Noah. Midomo sasa ilikuwa inatamka vizuri kabisa, jambo ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa habari njema.

"Saa ni ya wazungu," akasema shangazi. "Huyu ndugu wa Mulot hajasalimia. Karibu, ndugu."

Dalali naye akasalimia. Kumbe alikuwa amesubiri maisha yake yote kupewa nafasi. Alieleza bei ya ng'ombe tangu alipoanza biashara.

Jua lilikuwa limeinama juu ya msitu wa Mau wakati nzi aliporudi. Labda yuleyule, labda ndugu yake. Alitua kwenye shavu la Noah, na kabla hajapiga hatua, paa! Noah alimpiga kofi, kisha akashika shavu lake kwa hofu, kama mtu aliyesikia hodi ya mwenye nyumba.

"Sasa," akasema shangazi kwa upole, "nafikiri tuko tayari."

Wakamkalisha. Wakampaka Ganzi ya Askofu, kikopo kizima, kwa heshima yake. Mama Yunia alichovya rola kwenye spiriti, akakunja mikono ya sweta. Ni mwanamke anayekata mkungu wa ndizi kwa pigo moja.

"Daktari," akasema, "kutoka sifuri hadi kumi?"

Akasukuma.

Kuna watu wa ng'ambo ya bonde ambao wanasema walidhani ni king'ora cha kiwanda cha chai. Noah alipiga kelele zenye sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya hewa tu. Ya pili ilikuwa ya mama yake, kwa jina. Ya tatu ilikuwa ahadi kwa Mungu kuhusu mambo mengi ambayo hatukujua ameyafanya. Alianguka pamoja na kiti, akaenda kwa magoti mpaka kwa Bonasi, akajificha nyuma ya miguu yake. Bonasi akamlamba.

Shangazi alitabasamu kidogo sana. Alikuwa amemaliza kazi. Au alidhani.

Maana lazima tumpe mtu haki yake: Noah alikuwa fundi. Alisimama polepole, akakung'uta koti, akafuta machozi. Na alipotuangalia, nilimwona anapata wazo, kama nilivyosikia alilipata siku ile ya mahindi.

"Mmeona?" akasema. "Mmeona ndugu zangu? Dawa haina kosa. Kosa ni mimi. Mimi ni mwoga! Tangu utotoni. Nakubali, nichekeni." Akaangalia huku na huku. "Lakini nyinyi si mlitumia dawa hii hii? Nani aliumia hapa? Asimame."

Hakuna aliyesimama.

"Pasta, uliumia?"

"Mimi... nilisikia amani," akasema Pasta Johana, akiangalia viatu.

"Mzee Kipkosgei?"

"Chini ya sifuri," akasema mzee, lakini bila nguvu.

"Mama Yunia, wewe si uliniambia sifuri? Au watu wa Kisii walilia siku hiyo?"

Mama Yunia alifungua mdomo, akaangalia upande wa shangazi, akaufunga.

"Na mwenyekiti?" Noah alisema taratibu sana. "Mama Rebeccah. Sema tu. Sema mbele ya watu hawa kwamba uliumia, na mimi nitaondoka bila ng'ombe."

Shangazi alisimama pale. Maisha yake yote hajawahi kupepesa: si alipomzika mjomba, si alipovunjika mguu kwenye mteremko wa chai. Alikuwa na neno moja tu la kusema na lilikuwa kubwa kuliko mlango wa mdomo wake.

"Hapana," akasema. "Sikuumia."

"Kongoi," akashukuru Noah, akainamisha kichwa. "Ndugu dalali, fungua ng'ombe."

Dalali akashika kamba. Fundo la kwanza likafunguka. Bonasi akageuza shingo akatafuta mtu anayemjua.

Hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma ya sufuria za chai. Ilikuwa sauti ndogo, ya neno moja, na haikurudiwa. Lakini uani palikuwa kimya, na kila mtu alisikia.

Mama Yunia akaitupa rola chini. "Hata mimi!" akapiga kelele. "Hata mimi! Nilimwona babu yangu aliyekufa!"

"Nane," akasema Mzee Kipkosgei, akiangalia mawingu.

"Tisa!" akasema Pasta Johana. "Mungu anisamehe, tisa!"

"Basi mimi kumi," akasema Mzee Kipkosgei haraka, kwa sababu hajazoea kushindwa.

Ikawa kama mnada wa Mulot, kila mtu anapandisha. Shangazi alikuwa wa mwisho. Hakutaja namba. Alikaa tu kwenye kiti, akajifunika uso kwa leso, na mabega yake yakatikisika, na sikujua kama anacheka au la. Nafikiri alikuwa analia, na si kwa sababu ya rola peke yake. Hakuna aliyemwangalia uso. Mama Yunia alikwenda akaketi karibu naye, akamshika mkono.

Noah hakungoja apewe namba yake. Alikimbilia shamba la chai, na mtu yeyote aliyelelewa vizuri anajua huwezi kukimbia ndani ya chai. Miti imeshikana mpaka kiunoni. Alikwenda kama mtu anayevuka mto, mikono juu, akikwaruzwa kila hatua, na kila hatua tulimsikia. Alikuwa hana ganzi tena ya aina yoyote. Alituachia mkoba wake. Tuligawana pesa zilizokuwa ndani, na hapo ilionekana kwamba watu wote wa Kimulot, bila kukosa hata mmoja, walikuwa wamelipia Ganzi ya Askofu.

Vikopo vya dhahabu vilichukuliwa na Mama Yunia. Anaviuza kando ya ndizi kama mafuta ya kukamulia, na ng'ombe wanayapenda. Ile tyubu ya kweli, tuliyoikuta mkobani, shangazi aliiweka kabatini. Bonasi alizaa ndama jike. Makovu yangu yako palepale.

Siku hizi ukifika kwetu ukauliza ni nani aliyesema kwanza siku ile, utapata watu wengi kuliko waliokuwa kwenye sherehe. Pasta Johana amehubiri juu yake mara mbili na kila mara sauti ilikuwa yake. Mzee Kipkosgei hasemi ni yeye, ila ukimuuliza anatabasamu na kuangalia vidole vyake. Shangazi anaamini alikuwa Mama Yunia, na amempenda tangu hapo.

Mimi sijawahi kumsahihisha mtu. Lakini nyuma ya zile sufuria tulikuwa wawili tu, paka na mimi, na paka hakusema kitu. Niliyesema "iliuma" ni mimi. Namba hakuna aliyeniuliza tena.

Ilikuwa kumi.